Brandenburgers, makomando wa Mjerumani ambao wazo lao lilitoka Tanganyika

Vita vya pili vya dunia watu wakitaja makomando wa Mjerumani wanakimbilia kwa Skorzeny, yule komando maarufu wa SS, mimi nawaambia someni Brandenburgers kwanza. Walikuwa chini ya Abwehr, ujasusi wa jeshi ulioongozwa na Canaris, na jina lao limetokana na mji wa Brandenburg an der Havel, walikopiga kambi mwaka 1939.

Muasisi wao ni Theodor von Hippel, na huyu bwana vita vya kwanza alipigana hukuhuku kwetu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki. Alijionea jeshi dogo, wengi wao askari Waafrika wanaoijua nchi, likiwahangaisha Waingereza mpaka Novemba 1918. Akarudi kwao na hilo wazo, watu wachache wapenyezwe nyuma ya adui waongee na kuvaa kama wenyeji. Wakubwa wakamkatalia, eti si heshima kwa mwanajeshi, ila Canaris akamkubalia. Wakaanza kusaka Wajerumani waliokulia nje, mtu anayeongea Kipolandi au Kirusi bila kushtukiwa.

Sasa angalia Gennep, Uholanzi, 10 Mei 1940. Alfajiri kunatokea kikundi kwenye daraja la reli la mto Maas, wanaonekana ni mateka wa Kijerumani wanasindikizwa na polisi jeshi wa Kiholanzi, kumbe wote lao moja na silaha zipo chini ya makoti, walinzi wanakuja kushtuka wameshavamiwa, wale wa ng'ambo wanasita kufyatua maana wanaona sare za kwao, na daraja likachukuliwa zima, treni ya kivita ya Mjerumani ikapita juu yake. Agosti 1942 ofisa wao mmoja, Fölkersam, na watu kama 62 wakaingia Maikop, mji wa mafuta kule Urusi, wamevaa kama NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti.

Mbinu zilikuwa kali, sikatai, lakini walikuwa wanamfungulia njia Hitler, na baadaye wakapelekwa Balkani kuwinda wapiganaji wa msituni. 1944 wakageuzwa divisheni ya kawaida.

Kinachoniuma ni hii sifa ya "somo la Afrika". Hilo somo liligharimiwa na askari wetu na wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili mpaka wakafa kwa njaa na kuhara, na vijiji vilivyonyang'anywa chakula. Hippel anatajwa kwa jina na cheo, wao wanaitwa tu "wenyeji".