Siku moja na vipima mionzi Mombasa: kabla hujailaumu mashine

Saa 12:00 asubuhi. Katika idara ya tiba ya saratani kwa mionzi, kazi ya kwanza ya anayekagua vipimo ni kuchota maji, yanayokaa badala ya mwili wa mgonjwa. Tangi la kupimia, sentimita 30 kila upande, hutiwa lita 25 hivi alfajiri ingawa litatumika jioni. Maji ya huku hutoka kwenye matangi ya juu ya paa yakiwa na nyuzi 28 au zaidi, na chumba cha mionzi kiko nyuzi 22. Ukiyapima papo hapo, hewa iliyo ndani ya chemba ya ayoni (kipima mionzi chenye tundu la hewa, kinachozamishwa majini) itafuata joto la maji, si la chumba. Kila nyuzi moja ni karibu asilimia 0.34 ya usomaji. Aliyeandika 22 ilhali maji yana 27 amejikosesha asilimia 1.7, na ukaguzi wa mwezi unaruhusu asilimia 2 tu. Themometa huzamishwa majini. Ile ya ukutani ni ya kujua kama kiyoyozi kinafanya kazi.

Saa 12:30. Linaki, mashine inayotoa miale ya tiba, imeshapata moto. Leza, kipimo cha umbali, mlango (ukifunguliwa, miale ikatike), haya hayachukui muda. Kisha bamba la vihisi la ukaguzi wa kila siku, 100 MU (vizio ambavyo mashine huhesabia miale inayotoa) kwa kila nishati ya miale, kikomo asilimia 3. Bamba hili halijui dozi halisi. Linalinganisha leo na siku lilipowekewa alama, basi. Likisema 6 MV, yaani miale ya megavolti 6, imepanda kwa asilimia 3.4, tazama nishati nyingine kabla ya kumpigia fundi. Zote zikisogea kwa kiasi kilekile, shuku bamba kwanza: limelazwa vibaya, au kihisi chake cha joto kimepotea. Ikisogea moja peke yake, hapo mashine ina kesi. Kanuni hii ina tundu lake, kwani chemba ya ndani ya linaki yenyewe, ile inayohesabu MU, ikianza kuvuja, nishati zote husogea pamoja vilevile. Ndiyo maana dozi ya mashine hairekebishwi kwa neno la bamba. Husubiri chemba na maji.

Saa 2:00. Wagonjwa wanaanza kuingia.

Saa 4:00. Sasa chemba ya ayoni yenyewe, ile ya aina iitwayo Farmer, yenye ujazo wa sentimita 0.6. Adui wake Pwani ni unyevu. Ukiitoa kwenye kabati la chumba chenye baridi na kupita nayo kwenye ujia wenye joto, hutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo likiingia kwenye kiungio cha kebo, umeme unavuja. Iache ndani ya boksi lake mpaka izoee joto la nje, ndipo ufungue. Kifuniko cha kiungio hakiachwi wazi hata dakika mbili, na paketi za silika jeli hubadilishwa zikigeuka rangi.

Jaribio la kuvuja ni rahisi: unganisha elektromita (kifaa kinachosoma chaji ndogo ya umeme kutoka kwenye chemba), iwashe mapema ipate moto, weka volti 300, kisha kusanya chaji bila miale kwa dakika 5. Kiasi kinachovuja kisifike asilimia 0.1 ya mkondo wa kipimo cha kawaida. Kikizidi, badilisha kebo kwanza, maana mara nyingi kosa liko kwenye kebo iliyokunjwa mno, si kwenye chemba.

Chanzo kidogo cha mionzi cha strontiamu-90 husaidia pia kujua kama chemba imebadilika tangu mwezi uliopita, ila kumbuka kukitoza uchakavu wake: nusu maisha (muda wa nguvu yake kushuka hadi nusu) ni miaka 28.8, yaani hupungua karibu asilimia 2.4 kwa mwaka.

Saa 7:00 mchana. Barometa, kipima mgandamizo wa hewa. Hapa usawa wa bahari unatudekeza. Leo inasoma 101.0 kPa (kilopaskali) na maji yameshuka hadi nyuzi 24.0, kirekebishi cha joto na mgandamizo, yaani namba ya kuzidishia usomaji wa chemba, ni 1.017. Mtu anaweza kuchukua namba ya utabiri wa hali ya hewa kwenye simu na asidhurike sana. Akienda na tabia hiyo Nairobi, ambako mgandamizo halisi ni karibu 83 kPa, namba ya simu ambayo imeshahesabiwa kama vile mji uko ufukweni itamwonyesha dozi pungufu kwa asilimia 18. Akiipandisha mashine kufidia, ameunguza watu.

Saa 9:30 alasiri. Wagonjwa wamekwisha. Mipango ya matibabu ya kesho inapimwa kwa bamba la chemba nyingi. Liwashwe mapema, lipimwe bila miale, lipigwe miale kidogo ya kuliamsha, kisha uwanja wa miale wa sentimita 10 kwa 10 wa kulilinganisha. Kigezo ni gama, ulinganisho wa dozi iliyopimwa na ya mpango, ya asilimia 3 za dozi na milimita 2 za umbali, na nukta zinazofaulu zifike asilimia 95. Chini ya 90 mpango hauendi kwa mgonjwa. Ukipata 87, usikimbilie kulegeza kigezo hadi milimita 3. Geuza bamba nyuzi 180 na upime tena. Doa la nukta zilizofeli likihama pamoja na bamba, kosa ni la chemba moja mbovu. Likibaki palepale, tatizo liko kwenye mashine au mpango.

Kwa uwanja wa sentimita 2 kwa 2, Farmer haifai kabisa: tundu lake lina urefu wa milimita 24 hivi, limezidi uwanja wenyewe, na dozi itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Tumia chemba ndogo au dayodi (kihisi kidogo cha nusu kipitishi), ukijua kwamba dayodi nayo hubadilika kwa joto na huchoka kwa mionzi iliyokwisha kuila.

Saa 11:00 jioni. Maji yametulia nyuzi 23.1. Chemba huwekwa kina cha sentimita 10, uwanja 10 kwa 10, kwa mujibu wa TRS-398, mwongozo wa kupima dozi wa IAEA (Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki), uliotoka mwaka 2000 na kurekebishwa 2024. Milimita moja ya kina ni karibu nusu asilimia, kwa hiyo kina husawazishwa baada ya chemba kuzama, si kabla. Barometa husomwa upya, maana ya mchana imeshapitwa. Miale ya kuamsha kwanza, Gy (grei, kizio cha dozi) 2 hadi 5, kisha usomaji mara tatu wa 100 MU. Volti ikibadilishwa kwenda 100 kupima chaji inayopotea ndani ya chemba kabla ya kusomwa, subiri dakika kadhaa. Usomaji wa kwanza ni wa kutupa.

Saa 12:30 jioni. Maji yanamwagwa yote, tangi linapanguswa. Chemba inakaushwa kwa kitambaa kisicho na manyoya, inarudi kwenye boksi na silika jeli yake, na joto, mgandamizo na usomaji vinaandikwa kwenye kitabu kwa kalamu ya wino.