Jinsi nilivyotatua betri za sola kuisha chaji mapema
Betri zangu nne za maji za volti 12, zilizounganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zilikuwa zikiisha kabla ya usiku wa manane. Kuongeza maji ya betri na kusafisha vichwa hakukusaidia. Haidromita (kifaa cha kupima uzito wa maji ya betri ili kujua chaji yake) ilionyesha kuwa betri ya kwanza ilikuwa dhaifu kuliko nyingine, kwa sababu waya zote mbili za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kwenye vifaa vya nyumbani) zilifungwa kwake, hivyo ikabeba mzigo mkubwa zaidi. Nilichaji kila betri peke yake hadi ikajaa, kisha nikaacha waya chanya kwenye betri ya kwanza na kuuhamishia ule wa hasi kwenye ya nne, nikitumia viunganishi vyenye urefu na unene sawa (hapa ubahili haufai). Sasa vipimo vinakaribiana, na taa huwaka hadi alfajiri.