Nilivyoifunga silinda ya bumu kabla ya kuing'oa kwenye kreni ya tani 25

Kreni ni ya lori, ina bumu (mkono mrefu wa kunyanyulia mizigo) la vipande vinne na silinda moja ya kunyanyulia bumu. Silinda hiyo ina kipenyo cha ndani cha milimita 200, rodi (mhimili unaotoka na kuingia) ya milimita 150 na mwendo wa mita 2.2. Tatizo lake lilikuwa bumu kushuka lenyewe. Nikilisimamisha nyuzi 45 likiwa na mzigo wa tani 3, nikazima injini na kuweka alama ya chaki kwenye rodi, baada ya dakika 10 rodi ilikuwa imezama milimita 35.

Kabla ya kufungua chochote niliondoa kwanza suala la joto. Mafuta ya haidroliki hupungua ujazo kwa takriban asilimia 0.07 kila yanapopoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Rodi iliyotoka mita 1.5 na mafuta ya nyuzi 60 itazama kama milimita 21 yakipoa hadi nyuzi 40, bila tone kuvuja popote. Opereta akiacha bumu juu jioni na kulikuta limeshuka asubuhi, hilo peke yake si ushahidi wa sili mbovu. Lakini milimita 35 kwa dakika 10 haiwezi kuwa kupoa. Silinda nene namna hii haipotezi joto kwa kasi hiyo.

Zikabaki sehemu mbili za kutiliwa shaka: sili za pistoni, yaani pete zinazozuia mafuta yasipite kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda mwingine, au valvu ya kushikilia mzigo, ile ambayo mafundi wengi huiita loki valvu. Valvu hii hufungwa moja kwa moja kwenye mwili wa silinda, bila hozipaipu katikati, ili hozi ikipasuka bumu libaki palepale. Sababu hiyohiyo ndiyo inayowaponza mafundi. Ukizima injini na kuchezesha levа za opereta mbele na nyuma, presha inatoka kwenye hozi, geji inasoma sifuri, na unaamini mfumo hauna kitu. Nyuma ya valvu, ndani ya silinda, mafuta bado yamebeba bumu zima. Ukilegeza boliti za valvu bumu likiwa hewani, hakuna kitakacholizuia. Geji inakueleza habari za hozi tu.

Basi kipimo nilikifanya bumu likiwa limeshushwa ubavuni mwa kreni hadi silinda ikagota chini kabisa, chuma juu ya chuma. Hapo nikafungua hozi ya upande wa chini wa silinda, nikaziba ncha ya hozi kwa plagi ya chuma, na kuweka ndoo chini ya tundu la valvu. Injini ikiwa sailensa (ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta), leva ikavutwa upande wa kushusha kidogo kidogo. Mafuta yanaingia upande wa rodi, na presha hiyohiyo inaifungua valvu. Sili zikiwa nzima, yanatoka matone machache ya mabaki kisha panakauka. Kwetu ulitoka mkondo usiokatika, unene wa penseli, kwa hiyo sili za pistoni zilikuwa zimekwisha. Pangekuwa pakavu ningeishuku valvu, na mara nyingi tatizo lake ni chembe ya uchafu iliyokwama kwenye kikalio chake. Wakati wa kipimo hiki hakuna anayepitisha mkono karibu na maungio. Mafuta ya bar 200 yakitoka kwenye tundu dogo yanapenya ngozi, na jeraha hilo huonekana dogo kwa nje huku linaoza ndani. Ukitaka kutafuta mvujo, tumia kipande cha boksi.

Skrubu ya kurekebisha valvu usiiguse kujaribu kuzuia bumu lisishuke. Kuna valvu ambazo kukaza skrubu kwa mzunguko wa saa kunapunguza presha ya kushikilia na kuuachia mzigo, kinyume na mkono ulivyozoea. Valvu hupangwa mezani, kwa kawaida takriban mara 1.3 ya presha kubwa inayoletwa na mzigo, kisha skrubu inafungwa kwa lakiri.

Sasa kazi yenyewe ya kulifunga bumu. Kanuni niliyoifuata ni kwamba uzito wowote ulio juu ya mtu lazima ukae juu ya chuma au mbao. Mafuta hayahesabiwi kuwa nguzo.

Kreni ilisimama kwenye miguu yake yote minne, matairi yakiwa hewani, juu ya ardhi ngumu na mataruma chini ya kila sahani. Bumu lilirudishwa ndani lote, ndoano ikatolewa na waya wa winchi ukalegezwa kabisa. Kichwa cha kreni kiligeuzwa ubavuni na pini ya kuzuia kuzunguka ikaingizwa. Pini hii husahaulika, na kichwa kikizunguka hata sentimita 10, bumu linaisukuma stendi na kuiangusha.

Mahali pa kuweka stendi nilipapata kwa hesabu. Bumu hili lina uzito wa tani 5.2 kwa mujibu wa kitabu cha kreni, na kitovu cha uzito kiko mita 4.2 kutoka pini ya mguu wa bumu, ile ambayo bumu huinukia. Stendi ikiwekwa mita 8 kutoka pini hiyo, inabeba 5.2 mara 4.2 gawa kwa 8, yaani tani 2.7. Ukiongeza silinda itakayoning'inizwa kwenye bumu, inakaribia tani 2.9. Stendi hiyohiyo ikisogezwa hadi mita 3, karibu na silinda ambako wengi hupenda kuiweka kwa sababu bumu liko chini, inabeba tani 7.3. Tena pale katikati bamba la chini la bumu ni jembamba na hubonyea. Mita 8 ndipo ilipo kola nene ya mdomo wa kipande cha kwanza. Juu ya stendi niliweka mbao ngumu ya milimita 50, pana kuliko bumu, ili uzito uende kwenye kona za bumu, ambako ndiko kwenye nguvu. Stendi ilikuwa ya tani 10, ikisimama juu ya bamba la chuma la milimita 20 na mataruma mawili.

Kreni ya pili ililishika bumu palepale kwenye kola kwa slingi mbili, ikiwa na uwezo wa tani 6 kwa umbali ule. Kwa nini vyote viwili? Stendi ndiyo inayobeba. Kreni ya pili ni ya kuinua au kushusha milimita chache wakati wa kutoa pini, na opereta wake haondoki kitini.

Baada ya hapo swichi kuu ya betri ilizimwa, ikafungwa kwa kufuli, na ufunguo nikakaa nao mimi. Mafuta yaliyofungiwa nyuma ya valvu nikayatoa kwa kulegeza plagi ya kipimo robo mzunguko, nikiwa nimesimama pembeni, na kusubiri hadi yaache kuchuruzika. Upande wa rodi nao nikaumwaga. Silinda ikiwa imejirudi, upande huo unakaa na lita 30 hivi, na ukiuacha umejaa unapata mzigo mwingine unaotembea wakati wa kunyanyua.

Silinda tupu ina karibu kilo 750, na kama nusu yake ni rodi. Niliikamata kwa chenibloku (vinyanyuzi vya mnyororo vya mkono) mbili za tani 2 zilizofungwa kwenye bumu lenyewe, kila moja na slingi ya kitambaa iliyonyonga mwili wa silinda. Slingi haiwekwi kwenye rodi kwa sababu kromu, ngozi laini ya rodi, ikichubuka sili mpya haimalizi mwezi, wala haipitishwi kwenye mabomba madogo ya pembeni. Chenibloku ni bora kuliko ndoano ya kreni kwa kazi hii, maana mkono unasikia pini inapolegea.

Pini ya juu, inayounganisha rodi na bumu, ilitoka kwanza. Haikubali kutoka ikiwa bado imebeba. Nilimwomba opereta wa kreni ya pili ainue milimita 2, nikaangalia mwanga ukionekana pande zote za pini, kisha nikaivuta kwa pulla ya boliti na bamba. Nyundo ya chuma haifai kwa pini iliyokomazwa, kwani vipande vyake huruka kama risasi. Ukilazimika kugonga, weka kipande cha shaba katikati.

Pini ya juu ikishatoka, rodi iko huru kutembea, na hapa ndipo silinda yenyewe inapohitaji kufungwa. Ukiinyanyua ikainama hata kidogo, kilo 360 za rodi zinateleza nje, kitovu cha uzito kinahama, na slingi zinachomoka. Nilipitisha mikanda miwili ya kufungia mizigo yenye rachi, kutoka jicho la rodi hadi jicho la chini, mmoja kila ubavu, nikaikaza kwa kupokezana ili rodi isivutwe upande. Waya wa kufungia sikuutumia. Unalegea, na ukilegea unasugua kromu. Pini ya chini ilitolewa baada ya mikanda kukazwa, kisha silinda ikashushwa taratibu kwenye vitanda vya mbao na folklifti ikaichukua.

Matundu ya mafuta nilifunika kwa vizibo vya plastiki. Silinda iliyojaa mafuta ikizibwa kwa plagi za chuma na kuachwa juani ni hatari. Mafuta yaliyofungiwa pasipo nafasi ya hewa hupandisha presha kiasi cha bar 7 hadi 10 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kutoka nyuzi 25 za alfajiri hadi nyuzi 55 za chuma kilicholala kwenye jua la Dar es Salaam mchana, umepita bar 200, na atakayekuja kulegeza plagi hana habari.

Kazi ya ndani ni ya kawaida: sili, oringi, pete za mwongozo, na kuhakikisha ukuta wa ndani hauna mikwaruzo inayoshika ukucha. Kilichonipa kazi zaidi ni bamba la kuzuia pini ya juu. Boliti zake mbili zilikuwa zimekatika na kubadilishwa mara kadhaa, mwisho zikawekwa boliti za daraja 12.9, ngumu kuliko za 8.8. Boliti hizo hazibebi bumu. Kazi yake ni kuizuia pini isizunguke wala kutoka. Zikikatika, maana yake pini inalazimishwa kuzunguka na bushi kavu, na boliti ngumu zaidi inaficha tu ugonjwa. Tulipofungua, njia ya grisi ilikuwa imeziba kabisa. Nilizibua, nikaweka bushi mpya, nikapaka grisi kabla ya kuingiza pini, na kurudisha boliti za M16 za daraja 8.8, zikakazwa Nm 210.

Niseme neno la miguu ya kreni pia, kwa kuwa watu huichanganya na silinda ya bumu. Jeki nyingi za miguu zina loki valvu inayofunga pande zote mbili. Kwenye jeki ya namna hiyo, sili ya pistoni ikivuja mguu hauendelei kuzama, kwa kuwa mafuta ya upande wa chini hayana pa kwenda: upande wa rodi ni mdogo kuliko kiasi kinachosukumwa. Kinachotokea ni presha kupanda. Jeki ya kipenyo cha milimita 125 na rodi ya milimita 90 ikibeba tani 15 inakaa na bar 120. Sili ikivuja, pande zote mbili zinafika bar 230 na mguu unasimama. Mguu unaozama usiku kucha mafuta yakiwa yamekwisha kupoa, anza na valvu au mvujo wa nje kabla ya kununua sili.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, na mikanda ya rachi haifunguliwi mpaka pini ya chini iwe ndani na bamba lake limekazwa. Kabla ya bumu kuondoka kwenye stendi, silinda lazima itolewe hewa. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto kali, inawasha mvuke wa mafuta na kuunguza sili mpya. Niliacha pini ya juu nje, rodi ikielekezwa kwenye nafasi wazi na kushikwa na chenibloku, nikaitoa na kuirudisha mara sita injini ikiwa sailensa, nikiongeza mafuta kwenye tangi kila mara. Halafu pini ikaingia.

Kipimo cha mwisho kilikuwa kilekile cha mwanzo: nyuzi 45, tani 3, dakika 10, ila safari hii nilisubiri mafuta yapoe hadi nyuzi 40 kabla ya kuweka alama. Rodi ilizama milimita 1. Nilirudia baada ya siku tatu za kazi, nikakagua na boliti za mabamba yote mawili kwa toki renchi. Moja ya bamba la chini ilikubali kukazwa robo mzunguko zaidi, nikaiwekea alama ya rangi ili ikaguliwe tena wiki inayofuata.