Jumatatu Tulimkabidhi kwa Zaburi ya 121

Bibi mzaa baba alikuwa haombi bila Biblia kuwa wazi mapajani. Hata sala ya chakula aliitia mstari ndani, na wageni waliofika kwetu, kwenye migomba iliyo juu ya bandari ya Kemondo, walijua kwamba ndizi zitapoa kidogo kabla ya kuliwa. Aliokoka akiwa msichana, wakati ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipopitia Uganda na kuingia Buhaya, nchi yetu Wahaya huku Kagera. Tangu hapo hakuwa na namna nyingine ya kuomba. Kwanza alimsomea Mungu alichosema Mungu mwenyewe, ndipo akataja haja yake. "Ulisema," ndivyo alivyoanza, kama mtoto anayemkumbusha baba yake neno alilolitamka mbele ya watu.

Nilipokua nikasoma Maandiko mwenyewe, nikaona namna ile hakuibuni yeye. Yakobo, usiku ule alipomwogopa Esau na watu wake 400, aliomba hivyohivyo: wewe ndiwe uliyesema nirudi, wewe ndiwe uliyesema utanitendea mema. Danieli naye alisoma katika Yeremia habari ya ile miaka 70, akavaa magunia na kuanza kuomba juu ya jambo ambalo Mungu alikwisha kuliahidi. Lakini mimi sikujifunza kwa Yakobo wala kwa Danieli. Nilijifunza kwa Bibi, mwezi Mei 1996.

Baba mdogo alikuwa akipeleka ndizi Mwanza. Jumatatu tarehe 20 alikuja kuaga kama kawaida yake, na Bibi akamsimamisha mlangoni, akafungua Zaburi ya 121, akaisoma yote hadi mwisho: "BWANA atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele." Baba mdogo akaitika Amina, akachukua begi lake, akateremka bandarini kupanda meli ya MV Bukoba. Alisafiri daraja la tatu, karibu na mzigo wake.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba meli imepinduka karibu na Mwanza.

Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa siku zile. Kagera yote iliingia msibani, hakuna kijiji kilichosalimika, na nchi nzima ikaomboleza pamoja nasi. Kwetu, jambo lililotutesa kuliko yote lilikuwa kutojua. Majina ya abiria wa daraja la tatu hayakuandikwa kwenye orodha yoyote, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kuthibitisha hata kwamba alipanda. Baba akaondoka kwa basi kuzunguka ziwa, barabara ya Biharamulo na Geita, kwenda kumtafuta ndugu yake. Sisi tukabaki tunasubiri, watu wakakaa nje usiku na mchana, moto ukawa hauzimwi.

Kati ya waliokuja alikuwepo kijana mmoja mhubiri, mtu mwenye bidii na aliyetupenda kweli. Usiku wa kwanza alisimama akatukataza kulia. Alisema tusikiri kifo. Neno la Bwana halimrudii bure, na neno lilikwisha kutamkwa juu ya ndugu yetu, kwa hiyo tulikamate tu, tukiri kwamba yu hai, na machozi yetu yasije yakawa mlango wa kutokuamini. Baadhi ya watu wakaanza kushangilia. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka na mtoto mchanga kifuani, na nilimwona akijifuta macho haraka na kujaribu kuacha kulia.

Bibi alimwacha kijana amalize. Kisha akasema, "Asante, mwanangu. Sasa na mimi niseme na Bwana." Akapiga magoti palepale kwenye majani, taa ya chemli ikasogezwa, akafungua Isaya 43. Niliposikia "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe," nilidhani atafuata njia ileile ya mhubiri. Hakuifuata. Alishuka na sura hadi karibu na mwisho wake, akasoma, "Unikumbushe, na tuhojiane," akaacha kusoma, akaanza kuomba. Maneno yake ninayakumbuka, kwa sababu sijawahi kumsikia mtu mwingine akiomba hivyo.

"Bwana, umeniita tuhojiane, nimekuja. Jumatatu ulinisikia mlangoni kwangu. Nilimkabidhi mwanangu kwako kwa neno lako, si kwa neno langu. Ulisema utamlinda atokapo na aingiapo. Ametoka, Bwana. Hajaingia. Mwanangu yuko wapi? Mke wake yuko hapa, watoto wake wako hapa, na wewe uko hapa, maana umesema katika maji utakuwa pamoja naye. Kama yuko kwenye maji, ulikuwa naye. Niambie basi ulichofanya ulipokuwa naye. Sina neno jingine la kukuletea ila lako. Silirudishi. Na hata milele, Bwana, umesema wewe, nakudai na hiyo."

Ndipo akalia, kwa sauti, na Mama mdogo akalia, na sisi sote tukalia, na hakuna aliyetukataza tena.

Nimekaa makanisani miaka mingi tangu siku hiyo, na nimesikia ahadi zikiombwa kwa kila namna. Inaniuma ninaposikia mstari umekatwa na kutumiwa kama ufunguo wa kumfungulia Mungu mkono. Chukua ule wa Yeremia 29:11, unaopendwa kuliko yote, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Uliandikwa katika barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka Babeli. Mstari mmoja kabla yake wameambiwa watangoja miaka 70, na mwanzoni mwa barua wameagizwa wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa Babeli. Ahadi ilikuwa yao kweli, na walikuwa na haki ya kuiomba kila asubuhi wakiwa wameshika jembe. Anayeiomba kwa kuuficha mstari wa kumi ananyang'anywa sehemu ile ambayo ingemsaidia siku mambo yatakapochelewa. Na yule anayekatazwa kulia amenyang'anywa nusu ya Zaburi.

Baba alirudi bila mdogo wake. Waliopatikana na hawakutambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza, pamoja na wengine wengi, na huenda yumo, huenda hayumo. Alisimama uani akasema hivyo, akashindwa kuendelea.

Jumapili iliyofuata ushirika wa walokole ulikusanyika kwetu. Nilitegemea Bibi afungue tena Isaya au ile Zaburi ya safari, lakini alifungua ya 68, akamwita Mama mdogo aje akae karibu naye, akamshika mkono, akaweka kidole chake kwenye mstari wa tano. Kabla ya kusoma akawatazama ndugu wote, mmoja baada ya mwingine.

"Ndugu zangu," akasema, "nataka tumkumbushe Bwana neno hili juu ya mtu huyu na watoto wake. Lakini akilijibu, atalijibu kwa mikono, na mikono anayo hapa. Kwa hiyo nikisoma, asiyekuwa tayari kumpalilia shamba lake asiseme Amina."

Akasoma, "Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, Mungu katika kao lake takatifu."

Palikuwa kimya kwa muda. Nadhani kila mtu alikuwa akipima. Wa kwanza kuitika alikuwa mzee mmoja ambaye hakuwa na desturi ya kusema kwenye mikutano. Akafuata mkewe, na wengine wakaitika, si wote. Yule kijana mhubiri aliitika pia, na naliandika hili kwa heshima yake, kwani wiki ileile alikuja na panga akapunguza migomba ya Mama mdogo tangu asubuhi hadi jua kuzama, akarudi tena na tena hata baada ya wengine kuchoka. Mzee yule alichukua mzigo wa ada ya mtoto mkubwa. Shule ya msingi ilikuwa bado inalipiwa miaka ile, na kila msimu wa kahawa alitenga fungu kabla ya kugusa fedha za nyumba yake.

Mama mdogo hakuomba kwa sauti muda mrefu. Alipoanza tena, ilikuwa kwenye ushirika uleule, siku waliyoombea ndugu aliyekuwa akisafiri kwenda Mwanza. Alisema Zaburi ataichagua yeye mwenyewe.