Nililaumu asidi ya laktiki bure

Kwa miaka sita shavu la mguu wangu wa kushoto liliuma kila nilipotoka kukimbia, na jibu nilikuwa nalo: asidi ya laktiki. Wakimbiaji wote niliowajua walisema hivyo. Nilikanda, nikanywa maji, nikalala. Maumivu yalikaa siku mbili tatu, yakaisha.

Kumbe asidi hiyo huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Kinachouma kesho yake ni kitu kingine.

Kilichonipeleka hospitali ni uvimbe laini uliojitokeza palepale, ngozi juu yake ikiwa na ubluu wa mbali. Wakapima damu: lakteti, yaani asidi ileile ya laktiki ikiwa kwenye damu, ilikuwa 4.2, na kawaida haizidi 2. Nikaambiwa huenda mishipa ya damu ina kasoro na misuli inakosa oksijeni. Usiku ule sikupata usingizi.

Daktari wa pili, mama mmoja mtulivu, aliiweka karatasi kando. "Walipokutoa damu, mpira ulifungwa mkononi muda gani?" Muda mrefu, nikamwambia; mshipa ulikuwa hauonekani, nikaagizwa nifumbe na kufumbua ngumi. Akacheka. Lakteti ile niliitengeneza mwenyewe!

Tukarudia. Nilitulia kwanza dakika ishirini, mpira haukufungwa, damu ikaingia kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ambayo dawa yake huzuia seli za damu zisiendelee kuvunja sukari na kuongeza lakteti. Ikawekwa kwenye barafu, ikapelekwa maabara mbiombio. Jibu: 1.1.

"Sasa simama." Uvimbe ukajaa. "Lala, inua mguu." Ukanywea mbele ya macho yetu. Akaweka kiganja: hakuna joto, hakuna mdundo. Akanieleza kasoro iliyohofiwa mwanzoni: ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ikiungana moja kwa moja na vena, mshipa unaoirudisha, damu hukimbia njia ya mkato na nyama zilizo jirani zikabaki na njaa. Hapo lakteti huzalishwa. Hata hivyo ini huisafisha, kwa hiyo damu ya mkononi inaweza kuonekana safi kabisa huku mguu una shida. Kwa maneno mengine, kipimo kile kisingeweza kunihukumu wala kunisafisha.

Ultrasaundi ya Dopla ilionyesha damu inayotambaa polepole, na MRI ikaonyesha doa jeupe limejikunja ndani ya msuli: kasoro ya vena, ya kuzaliwa nayo. Kipimo cha damu kilichosaidia kilikuwa D-dima, kilichopanda kwa sababu mabonge madogo ya damu huganda humo na kuyeyuka. Hicho hakuna aliyenitajia mwanzoni.

Nimechomwa sindano za kusinyaza mishipa mara mbili. Uvimbe umepungua, haujaisha. Soksi ya kubana naivaa asubuhi kabla sijashusha miguu kitandani, shavu likiwa bado halijajaa.