Wiki tatu mtoto amekaa kwenye siti iliyofungwa ndivyo sivyo

Leo naungama jamani. Imu alipofikisha miezi mitano tukamnunulia siti ya gari, mtumba wa Japani, safi kabisa, maelezo yote Kijapani. Baba Imu akasema hamna shida hii ni siti tu, akaiweka nyuma, mtoto akiangalia kiegemeo, yani amegeukia nyuma ya gari, akapitisha mkanda akachomeka, tik, akaenda kunawa. Mimi nikapiga na picha nikaweka stetasi.

Wiki tatu. Kliniki, kanisani, kwa bibi yake Mbagala. Siku hiyo barabara ya Kilwa bajaji ikatuchomekea, baba Imu akashika breki, wala hatukuwa na spidi yani labda 30, nasikia puu huko nyuma, nageuka naona siti imelalia mlango kama kiroba cha mkaa kilichofungwa vibaya kwenye boda, na Imu ndani yake anacheka. Mimi sikucheka.

Mama mkwe kuambiwa tu akasema mama Imu si nilikwambia umpakate mtoto, mimi nimelea saba mapajani hakuna aliyedondoka. Nikaitikia ndiyo mama, maana utamjibu nini, lakini mtoto wa kilo 7 gari likigonga kitu kwa spidi 50 anachomoka mikononi kwa nguvu kama umeshika gunia la kilo 100 na zaidi, na hakuna mama wa kulizuia hilo hata awe mbeba zege. Mkifungwa mkanda mmoja ndo mbaya zaidi, wewe mwenyewe ndo unamkandamiza.

Usiku nikakaa na hiyo siti sebuleni na tochi ya simu. Kumbe ubavuni ina alama za rangi, bluu na nyekundu. Bluu ndo njia ya mkanda mtoto akiangalia nyuma, nyekundu akiangalia mbele akishakua. Sisi tulipitisha nyekundu! Siku zote hizo mkanda ulikuwa umeshika hewa.

Asubuhi tukaanza upya. Nikapanda na goti ndani ya siti nikaweka uzito wangu wote (na ninao), baba Imu akavuta mkanda kwa nguvu. Mkanda wetu ukiuvuta wote mpaka mwisho, ukiuachia unarudi kwa mlio wa tiktiktik na haulegei tena, miaka minne tuna hii gari hatukuwahi kujua. Halafu unashika siti pale mkanda unapopita, sio juu kwa kichwa maana huko itacheza tu, unaitikisa kulia kushoto, isisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu hivi. Kichwa cha Imu kilikuwa kinadondokea kifuani, kwahiyo siti tukailaza kidogo, mtoto mdogo shingo ikijikunja hivyo anakosa pumzi.

Mikanda yake ya mabegani nayo nilikuwa naiachia ili apumue, eti huruma. Ukiweza kuufinya ukunjike begani ujue umelegea. Na ile khanga nliyokuwa namzungushia kabla ya kumfunga nimeacha, namfunga kwanza ndo namfunika juu. Wale mnaoweka siti ya namna hii, ya kuangalia nyuma, mbele pembeni ya dereva mpate kumuona mtoto, kama pale kuna eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) tafadhali mtoeni, likifumuka linapiga mgongo wa siti na kichwa kiko hapo hapo.

Jumapili tukampitia mama mkwe. Akafungua mlango, akaishika siti kwa mikono miwili akaitikisa kama anachagua nazi, haikwenda popote. Akaguna. Akakaa pembeni ya mjukuu, akamwangalia alivyofungwa, akasema haya, na mimi mkanda wangu uko wapi? Tukaanza kuutafuta chini ya kava la siti, ulikuwa umezama huko tangu tununue gari.