Siku moja na ukurasa wa 14

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya mwanangu, maana katuni hii siichori akiwa macho. Ana miaka sita na hapitwi na kitu. Wiki iliyopita alikuta mezani picha ya kitanda kitupu, akaniuliza, "Mama, mwenye kitanda yuko wapi?" Nikamwambia ameenda msalani. Hakuniamini.

Saa 12. Ukurasa wa 14 uko mbele yangu, mweupe. Hadithi yenyewe ni hii: kijiji kimekaukiwa. Kila mwenye nyumba, kwa usiku wake, anakutana na zimwi kisimani. Linamwahidi maji. Malipo? "Kile kilichomo nyumbani mwako usichokijua." Mtu anacheka, nyumba yake anaijua mpaka mende wake. Anakubali, anarudi na ndoo imejaa, mkewe anamwambia ana mimba. Miaka saba baadaye watoto wanaanza kupotea mmoja mmoja, na hakuna mzazi anayepiga yowe, kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyeuza.

Sharti hilo hatukulibuni. Limo katika ngano za mataifa mengi, na lina ndugu yake: "nipe cha kwanza kitakachokuja kukulaki." Ndiyo nadhiri ya Yeftha katika Biblia, Waamuzi 11, na aliyetoka kumlaki na matari ni binti yake wa pekee.

Saa 2. Mtoto yuko shule, penseli inaanza kazi. Ukurasa wa 14 unaangukia kushoto, yaani msomaji hauoni mpaka afunue. Kwa mchora katuni za kutisha hiyo ni mali. Fremu ya mwisho ya ukurasa wa 13 ni mkono tu unaoshika ukingo wa kisima. Kinachofuata kimefichwa nyuma ya karatasi, na anayekifichua ni msomaji kwa kidole chake mwenyewe.

Saa 4. Mwandishi wa mswada anapiga simu. "Dada, hapo akifunua, tumpe zimwi. Ukurasa mzima. Meno yote."

Namwambia hapana. Tumebishana kuhusu hili tangu mwezi uliopita. Katika hadithi za namna hii zimwi ndilo lenye adabu kuliko wote: linataja bei, linasubiri, linakuja siku iliyopangwa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili letu linawajua wote kwa majina. Mimi nataka uso wa baba.

Ukutani kwangu nimebandika karatasi yenye namba mbili: 1284 na 130. Ni Hameln, Ujerumani. Simulizi ya mji huo inasema tarehe 26 Juni 1284 watoto 130 waliondoka wakimfuata mpiga filimbi, wasirudi. Kila mtu anaijua na panya wake: aliwaondoa, akanyimwa ujira, akachukua watoto. Lakini katika maandishi ya zamani zaidi panya hawamo. Wanaingia karne ya 16. Mwanzoni kuna watoto walioondoka tu, basi. Kilichonitisha ni hizo karne za katikati, watu wazima wakitafuta sababu, na sababu waliyoipata ni deni ambalo wao wenyewe walikataa kulipa.

Saa 7 mchana. Wino. Kiwiko kimegusa chupa, kisima changu kimekuwa ziwa. Nimefuta, nimetukana, nimeanza upya. Huenda ni heri, kwa sababu kisima cha kwanza kilikuwa na mawe mengi mno. Jicho lilikuwa linahesabu mawe badala ya kuogopa.

Saa 9. Hapa ndipo siku yote ilipoishia. Kwenye kisanduku cha msimulizi mswada unasema: "Hakujua." Ni neno moja tu, nami silimezi. Mtu analala na mkewe kitanda kimoja, anamwona asubuhi akitapika, halafu anaulizwa kisimani kuhusu kitu asichokijua nyumbani mwake. Uso wake nimeuchora mara nne. Nikiutia hofu anakuwa mnyonge, nikiutia ujanja anakuwa mhuni. Mwishowe nimeuacha gizani, mstari wa shavu tu, nikashuka kwenye mkono wake wa kulia unaoning'inia pembeni, fremu ya tano. Kidole gumba kimegusa pingili ya katikati ya kidole cha pete. Basi. Brashi nyembamba kuliko zote, dakika arobaini kwa kidole kimoja.

Saa 12 jioni. Kurasa zimo kwenye mtoto wa meza, ufunguo juu ya kabati. Kazi za shule, kuoga, kulala.

Saa 2 usiku. Nimeskani, nimesafisha madoa ya wino, nimetuma.

Saa 3. Ujumbe wake: "Zimwi liko wapi?" Kabla sijajibu ukaingia wa pili: "Subiri. Fremu ya tano, anahesabu nini?"

"Hesabu naye."

Kimya, kama robo saa hivi.

"Miezi. Basi ile 'hakujua' naifuta."

"Usiifute. Itoe kwenye kisanduku, itie kwenye puto. Aiseme mwenyewe."